Tuchangie Utunzaji wa Makumbusho ya Bagamoyo

Tumsifu Yesu Kristo!

Ndugu wapendwa, sisi wanajumuiya ndogo ndogo za parokia yetu tumeazimia kuchangia utunzaji wa vitu vilivyomo katika makumbusho ya Kanisa Katoliki, Bagamoyo. Wengi wetu tukifika kule tunakimbilia ufukweni, tunakula samaki, jioni tunapanda basi. Nyumba ya zamani ya masista, iliyojengwa mwaka 1876, tunaipita tu. Humo ndimo yalimo makumbusho.

Wamisionari wa Roho Mtakatifu, akiwamo Padre Antoine Horner, walianza Bagamoyo mwaka 1868 wakitokea Zanzibar. Walikomboa watumwa, wengi wao watoto, wakawapa makazi, mashamba, shule na ufundi. Tufani ya mwaka 1872 ikaangusha majengo, wakaanza upya. Wageni huulizia zaidi mnara wa kanisa ulipolazwa mwili wa mvumbuzi Mwingereza David Livingstone Februari 1874. Sawa, nayo ni historia. Ila kwetu mwenye uzito zaidi ni mtoto yule aliyefunguliwa mnyororo, akabatizwa, akakua, akaoa. Familia za namna hiyo ndizo zilizofuatana na mapadre kwenda kufungua misheni za bara, kama Mhonda mwaka 1877. Imani ya bibi na babu zetu ilipitia mikononi mwao.

Sasa, fedha ni za nini? Hewa ya bahari haina huruma. Chumvi hula chuma, unyevu huotesha ukungu kwenye misale (vitabu vya sala za Misa) za Kilatini, na mchwa hawabagui fremu ya mlango na sanamu ya mtakatifu. Kasula ya hariri, lile vazi la juu la padre wakati wa Misa, ikikaa imekunjwa miaka mingi hukatika palepale penye mkunjo. Yatakiwa ilazwe, na pasipokwepeka kuikunja, ndani ya kunjo kiwekwe kitambaa cheupe cha pamba kilichoviringishwa. Na sisi tuliozoea kusugua vyombo vya altare kwa ndimu na majivu kila ikikaribia Pasaka, tafadhali! Kalisi (kikombe cha divai ya Misa) kuukuu iliyopakwa dhahabu ukiisugua hivyo unaibandua dhahabu yenyewe. Hiyo ni kazi ya fundi anayejua, naye hulipwa.

Michango itanunua masanduku ya kuhifadhia, vitambaa, vipimo vya unyevu na dawa ya mchwa. Vyote vitakabidhiwa kwa watunzaji wa makumbusho, nao ndio watakaoamua kianze kipi. Kikibaki chochote, kiwe nauli ya watoto wa Kipaimara waende wakajionee.

Bahasha wanazo wenyeviti wa jumuiya. Elfu moja inapokelewa, ahadi inaandikwa, na mwenye kuku au mkungu wa ndizi alete, tutanadi nje ya kanisa. Mhazini atasoma hesabu mbele ya waamini, mapato na matumizi, hata kama ni kidogo.

Harambee ni Dominika ya Misioni, mwezi Oktoba, mara baada ya Misa ya pili. Njooni na watoto.

Kamati ya Harambee