Tazama Pembe ya Juu Kwanza

Mwanangu,

Salamu nyingi na dua. Ujumbe wako wa juzi nimeusoma mara mbili, mara ya pili nimevaa miwani. Unasema yale maboksi manne ya chini ya ngazi yanakula nafasi, nyumba ninayohamia ni chumba kimoja na jiko, na umempata mtu wa kuyachukua yote kwa mkupuo, bei moja, hata bila kuyafungua. Roho ilinipaa. Si kwa sababu ya bei. Ni hayo maneno, "bila kuyafungua". Mimi huu ni mwaka wa ishirini na tano nayafungua moja moja, na sijamaliza.

Hujawahi kuniuliza kwa nini mama yako, mtu mzima na buibui lake, alikuwa akiamka Jumapili alfajiri kwenda kuinama nyuma ya magari ya watu kwenye viwanja vya matope, kule wanakofungua buti na kupanga chini vikombe, redio mbovu na vitabu vya zamani. Ulidhani natafuta vyombo. Na vyombo nilinunua, nisije nikarudi mikono mitupu baba yako akauliza. Lakini nilichokuwa nakiwinda ni magazeti ya katuni za mpira, na hasa hili moja: Roy of the Rovers.

Tulifika Portsmouth mwaka 1973, mimi nina miaka saba. Tulikaa Southsea, upande ule ule aliokaa Sultani Jamshid baada ya kuondoka Zanzibar 1964. Bibi yako kila akienda kununua maziwa alijipanga shungi vizuri mbele ya kioo, asije akakutana naye njiani yuko ovyo. Hakukutana naye hata siku moja. Babu yako alifanya kazi jikoni hotelini, zamu ya usiku. Kiingereza cha nyumbani kilikuwa cha kuokoteza. Mwalimu akamwambia babu yako, mpe mtoto asome chochote anachokipenda, lugha itakuja yenyewe. Mtoto, kwa hesabu ya babu yako, alikuwa mjomba wako.

Gazeti lile lilitoka mara ya kwanza Septemba 1976, lakini Roy Race mwenyewe hakuwa mgeni. Alianza kucheza 1954 ndani ya gazeti jingine, Tiger. Frank Pepper ndiye aliyemwandika, Joe Colquhoun akamchora. Nywele za njano, jezi nyekundu na njano ya Melchester Rovers, na mguu wa kushoto uliokuwa ukiachia kombora dakika ya mwisho, kipa wa wenzao anaruka kama mtu aliyetupiwa ndoo ya maji. Umri haukumpata. Wachezaji wa kweli walistaafu, wakanenepa, wakafungua baa, yeye yumo tu uwanjani.

Tulipelekewa nyumbani. Mwenye duka la magazeti, pale kona, aliandika kwa penseli kwenye pembe ya juu namba ya nyumba, ili kijana wa kugawa asikosee mlango. Letu lilikuwa 27. Na ile saba aliikata kistari katikati. Kijana alilikunja kwa urefu, akalisukuma kwenye tundu la barua, likaanguka juu ya zulia la mlangoni, paf. Sauti ile naijua mpaka leo. Mjomba wako akishuka ngazi mbili mbili. Analisoma huku anakula mkate wa siagi, kidole kimoja kinafuata maneno, midomo inacheza. Mimi nasubiri. Likinifikia mimi lina alama za mafuta, na mwisho wa hadithi nimeshausikia, maana hakuwa na siri yule.

Wasichana walikuwa na magazeti yao, Bunty na Tammy. Jirani mmoja mwema aliniletea. Humo mna farasi, mna wacheza baleti, mna mayatima wanaoteswa na mashangazi. Nikayasoma, sikatai, nikalia nilipotakiwa kulia. Lakini nani atakaa na yatima wakati Melchester wako nyuma mbili moja? Hilo lilinisumbua hata hivyo: katika timu zote zile hakukuwa na msichana hata wa kuokota mipira. Mwanamke alikuwa mama mwenye nyumba, au Penny, mke wa Roy, anamngoja. Nilikuwa mtu mzima nilipojua kwamba siku ya tarehe 26 Desemba 1920 watu 53,000 walikwenda Goodison Park, Liverpool, kuwatazama wanawake wa Dick, Kerr Ladies wakicheza, na mwaka uliofuata chama cha mpira cha Uingereza kikawafungia viwanja vyake vyote. Kufuli lile halikufunguliwa mpaka 1971. Kwa hiyo waandishi wale walikuwa wameyakulia mazoea hayo. Roy mpya walioanza kumtoa 2018 wamempa dada, Rocky, naye anacheza. Mjukuu wangu nimeshamnunulia kitabu chake. Mwambie asikichafue.

Na utucheke. Timu ya mji wetu wenyewe, Pompey, waliokuwa mabingwa wa Uingereza 1949 na 1950, mwaka ule ule gazeti linaanza wakashuka daraja la tatu, na 1978 wakashuka la nne. La nne, mwanangu, chini yake ni mchanga mtupu. Jumamosi babu yako anarudi kutoka uwanja wao, Fratton Park, koti limelowa, hasemi na mtu. Ndani ya nyumba hiyo hiyo, juu ya zulia, kuna timu inayobeba vikombe kila msimu. Sisi watoto tulijua ipi ni ya kweli. Tulichagua nyingine.

Mtoto wa jirani aliletewa Tiger, tukawa tunabadilishana. Huko ndiko nilikompata Billy Dane wa Billy's Boots. Mtoto huyu hajui mpira kabisa, anaishi na bibi yake, na darini anaokota njumu kuukuu za Dead-Shot Keen, mshambuliaji wa zamani. Akizivaa anacheza kama Keen mwenyewe. Akizivua, gogo. Sasa njumu zenyewe kila wiki zinapotea, au zinaibwa, au bibi anataka kuzitupa kwa kuwa zinanuka. Miaka na miaka hadithi ni hiyo hiyo moja, na kila wiki roho mkononi. Bibi yako nilipomsimulia alisema njumu hizo zina jini, na angekuwa yeye angezichoma. Halafu Hot-Shot Hamish, jitu la visiwa vya Hebrides huko Scotland, shuti lake linachana nyavu na kumbeba kipa ndani, na nyumbani anafuga kondoo anaitwa McMutton. Hamish alichorwa na Julio Schiaffino. Jina lake hatukulijua, maana magazeti yale hayakuandika majina ya wachoraji wala waandishi. Fred Baker aliandika Hamish na Billy wote wawili, na watoto wa nchi nzima wakawajua Hamish na Billy, wasimjue yeye.

Sasa lile jambo lenyewe. Desemba 1981 Roy alipigwa risasi. Yuko peke yake ofisini kwake, mtu asiyeonekana uso anaingia, anafyatua. Wiki zikapita yuko hospitali hana fahamu. Sir Alf Ramsey, kocha yule yule aliyeipa Uingereza Kombe la Dunia 1966, wakamchora ndani, anashika timu. Roy kitandani, Melchester wanawafunga Keysborough 14 kwa 0. Nani kampiga? Shuleni hakukuwa na neno jingine. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tano, naona haya kusema naisoma, lakini naisoma.

Hapo katikati mjomba wako akapata kazi Muscat. Wiki aliyoondoka, babu yako akaenda dukani akalikatisha gazeti. Kwake jambo lilikuwa wazi: msomaji ameondoka. Sikusema kitu. Ningesema nini? Baada ya mwezi bibi yako akasafisha chumba. Zilikuwa nakala kama 280, zimepangwa chini ya kitanda kwa tarehe. Akazifunga kwa kamba mafungu mafungu, akazipeleka kwenye bazari ya shule, watoto wengine wafaidi, iwe sadaka. Niliporudi jioni nikakuta chini ya kitanda pamefagiliwa.

Simlaumu, sadaka ni sadaka. Lakini tazama maana yake: hayakuchomwa. Yaliuzwa, senti mbili tatu, yakaingia nyumba za watu. Na vitu vya darini vya Waingereza havitupwi, vinangoja mtu afe.

Mwaka 1999 niliingia duka moja la hisani kuchomoka na mvua. Kwenye kikapu, chini ya vitabu vya mapishi, nakala ya 1979. Nikaishika. Karatasi imekuwa rangi ya biskuti, pini mbili za katikati zimeshika kutu na kuacha madoa kama ya chai, kunjo la urefu bado lipo. Juu pembeni, penseli: 14. Haikuwa yetu. Ilikuwa ya mtu wa namba 14, mtaa usiojulikana, naye aliisikia ikianguka, paf. Nikanunua. Tangu siku hiyo kila ninayoiona naanza na pembe ya juu. Nimepata 8, 61, 103, nimepata majina ya watu. Hata 27 nimezipata mbili, saba zake hazina kistari.

Nani alimpiga Roy nilikuja kujua nikiwa na miaka thelathini na sita, nimekaa garini, mvua inanyesha: Elton Blake, mwigizaji aliyefukuzwa kwenye tamthilia ya televisheni ya Melchester. Nikasema, ala, huyu? Miaka ishirini nilimshuku mtu mwingine kabisa.

Si yote yaliyonifurahisha. Nakala za 1986 nilizisoma nikaziweka chini kabisa ya boksi. Timu inakwenda nchi ya kubuni huko Mashariki ya Kati, wameiita Basran, magaidi wanawaripua, wachezaji 8 wanakufa. Vernon Eliot, winga mweusi niliyempenda tangu utotoni, ni mmoja wao. Mwaka huo mjomba wako yuko Muscat anavaa kanzu na kofia, na mimi naona katuni ya watu waliovaa kama yeye wameshika bunduki. Nilikuwa nimejifunza Kiingereza humo, unaelewa? Sikuyatupa. Yakae, ila chini.

Gazeti lenyewe lilikufa Machi 1993 baada ya matoleo 851. Roy ameanguka na helikopta, na baadaye mwaka ule, katika toleo la kila mwezi, wakamkata mguu wa kushoto. Wa kushoto! Angalau kaburi lake lilikuwa na jina. Mengine yalikufa kwa adabu ya kuudhi: ukurasa wa kwanza unapiga kelele kuna habari kubwa ndani, unafungua, unakuta gazeti lako wiki ijayo linaungana na jingine. Score ikamezwa na Scorcher 1971, Scorcher na Tiger 1974, Tiger na Eagle 1985. Mtoto wa jirani aliamini kila mara kwamba ni habari njema.

Kuhusu huyo mnunuzi wako. Wanaokusanya kwa fedha wanataka nakala safi, zisizo na kunjo, zisizo na maandishi. Vitabu vya mwaka, vile vya jalada gumu vya Krismasi, wanataka pembe yenye bei isiwe imekatwa, na mafumbo yasiwe yamejazwa. Kwa hiyo wauzaji wengine huchukua kifutio wakafuta penseli. Hilo ndilo lililonirudisha nyuma miaka. Kifutio huondoa rangi, lakini kialama cha ncha hubaki kwenye karatasi. Usikitafute kwa taa ya dari. Weka tochi pembeni, mwanga upite juu ya karatasi ukiwa umelala kabisa, mfereji utajionyesha.

Nilimpigia mjomba wako kumwambia kuhusu maboksi. Akasema, "Katuni zipi?" Nikamtajia Roy, nikamtajia risasi, nikamtajia penseli. Kimya. Halafu akauliza, "Yule mwenye kondoo alikuwa nani?" Basi. Ndicho alichobakiza.

Maboksi mawili yana alama ya kijani, hayo nimeyamaliza, mwuzie huyo bwana na usimpunguzie. La tatu ndilo lenye zile nakala za 1986, halitoki. La nne nilinunua mwaka jana kwa watu waliokuwa wanahamisha vitu vya mzee wao aliyefariki, hapa hapa Portsmouth, mwendo wa dakika kumi kutoka ile shule ya bazari. Macho yangu yamechoka, nimefika 1978 tu. Ukiona doa la mafuta usilifute. Njoo Jumamosi mapema, na ulete tochi, yangu imekwisha betri.

Mama yako