Kuwa na jini tu hakuifanyi hadithi iwe ya giza

Mhariri,

Salamu kwako na timu nzima. Mimi ni msomaji wenu wa siku nyingi, hasa ule ukurasa wa vitabu, naomba kanafasi niseme kitu kinachonikera. Siku hizi kila stori yenye jini, mchawi au damu damu mnaibandika lebo ya fantasia ya giza, yaani hadithi ya dunia ya kubuni yenye uchawi, nzito na isiyo na matumaini, na juzi juzi naona hadi Adili na Nduguze ya Shaaban Robert imo kwenye orodha yenu ya vitabu hivyo, nikasema hapana, hii sasa imezidi.

Haya tuiangalie hiyo hiyo Adili, kitabu cha 1952. Kweli kina mambo mazito, ndugu wawili wanamtosa ndugu yao Adili baharini kisa wivu, wanageuzwa manyani, halafu kila usiku Adili lazima awachape mijeledi kwa amri ya Huria yule jini, akimaliza analia na kuwabembeleza. Ukisoma hapo tu utasema duh. Lakini nenda mpaka mwisho, Mfalme Rai anaingilia kati anawaombea, Huria anakubali, manyani wanarudi kuwa watu. Yaani dunia ya mle ndani ina mizani, wema unalipwa hata ukichelewa na mkosaji mlango anao. Hiyo ni hadithi ya maadili yenye majini, basi.

Sasa mchukue Elric, mhusika wa hadithi za Michael Moorcock, yule mwandishi Mwingereza, hadithi zake zilianza kutoka 1961. Ni mfalme dhaifu, mgonjwa mgonjwa, nguvu zake zinatoka kwenye upanga uitwao Stormbringer na upanga wenyewe unakula roho za watu. Kwenye ile hadithi ya kwanza kabisa anaenda kumkomboa mpenzi wake Cymoril na upanga huo huo ndio unammaliza binti wa watu. Kwa hasira anautupa baharini, hauzami!! na yeye mwenyewe anaogelea kuufuata maana bila huo hawezi kitu. Hapo hakuna Mfalme Rai wa kuja kumwombea.

Ndio maana nasema msihesabu maiti, angalieni kama wema una dhamana yoyote kwenye hiyo dunia. Tolkien kwenye The Lord of the Rings kaandika Mordor, nchi ya uovu, moshi na mizimu ya kutosha, hata shujaa wake Frodo, aliyetumwa kuiteketeza pete ya uovu, dakika ya mwisho anashindwa kuiachia, ila pete inateketea na mfalme anarudi kwenye kiti chake. Giza limo ndani ya kitabu, kitabu chenyewe sio cha giza.

Na msichanganye na hadithi za kutisha pia. Zile ni watu wa kawaida, nyumba ya kawaida, kitu kinaingia, na presha yote ni kitatoka au hakitoki. Stori nyingi za majini mahaba tunazosoma magazetini kwa awamu ni za kundi hili. Kwenye fantasia ya giza hakuna anayemshangaa jini, watu wanaishi naye, wanafanya naye dili, wanajua bei yake. Vijana wanaosoma Berserk, ile katuni ya Kijapani ya Kentaro Miura, wananielewa, shujaa wake Guts ana ile alama shingoni na usiku mizimu inamfuata, hakai kuuliza kama mizimu ipo kweli, ananoa upanga.

Mipaka inavuja, najua. Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed, mzimu wa babu unamrudia mjukuu wake, hiyo tunaweza kubishana mpaka asubuhi na mimi bado sijui niiweke wapi. Ila Adili hapana jamani, maana kuna mzazi akiona hiyo lebo anamnyima mtoto kitabu kizuri, na kijana aliyetaka giza la kweli ananunua halafu anajiona kapigwa.

Kwa hiyo namwomba mwandishi wa ule ukurasa aitoe kwenye orodha, na nafasi ikibaki wazi amuweke Elric.

Ni mimi msomaji wenu,
Tanga