Wasaka "mali ya Mjerumani" wanaharibu mapango yetu

Mhariri,

Katika mapango ya Iringa kuna watu wanaochimba usiku wakitafuta mali ya Mjerumani, yaani hazina inayodhaniwa kufukiwa na Wajerumani enzi za ukoloni. Wakikuta udongo mlaini wa kijivu chini ya jabali, huamini hapo pamefukiwa sanduku. Ule udongo ni majivu ya mioto ya watu walioishi pale zamani sana, na ndiyo maana jembe linazama kirahisi. Michoro ya kale ya miambani nayo wanaisoma kama ramani!

Mlambalasi, eneo alikofia Mkwawa, chifu wa Wahehe, mwaka 1898, juu kuna mabaki ya wafua chuma, na chini yake vifaa vidogo vya mawe na mifupa ya watu wa maelfu ya miaka. Mtaalamu hupima mraba wa mita 1, akashuka sentimita 5 au 10 kwa awamu, udongo wote ukapita kwenye chekeche. Msaka mali huchanganya tabaka zote kwa usiku mmoja. Mkaa wa chini ukishalala pamoja na vigae vya juu, kuupima umri hakusaidii tena, na kufukia shimo hakurudishi kitu.

Isimila, kituo cha Zama za Mawe kilomita 20 hivi kutoka Iringa mjini, tatizo ni jingine: mvua inamomonyoa korongo, shoka za mawe zinajitokeza, mtu anaokota moja ya kupamba sebule. Ukiiona, iache ilipo. Weka kalamu pembeni ili ukubwa wake uonekane, piga picha, chukua majira ya mahali (GPS) kwa simu, kisha mpelekee taarifa mtendaji wa kijiji au wahudumu wa kituo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inataka taarifa itolewe.

Michoro ya miambani, kama ya Igeleke, tafadhali msiimwagie maji ili ing'ae kwenye picha. Maji yakikauka huacha chumvi juu ya mwamba, na rangi hubanduka. Moto nao usiwashwe chini yake, maana masizi hayasuguliki bila kuondoka na rangi.

Tunaziomba serikali za vijiji zilipeleke jambo hili kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Mgeni anayetaka vijana wa kumchimbia pangoni aonyeshe kibali cha utafiti cha Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) na leseni ya uchimbaji ya Idara ya Mambo ya Kale. Leseni ya madini haimruhusu kuchimba pangoni. Akileta hiyo tu, mtendaji aite polisi.

Wadau wa mambo ya kale,
Iringa