Ile Safari Yetu ya Kuhesabu Meli

Mwananyamala, Dar es Salaam

Mwanangu,

Ujumbe wako wa juzi nimeusoma mara tatu. Unasema Desemba mnashuka na treni ya umeme wewe na wajukuu zangu, na kwamba kitu cha kwanza unachotaka ni niwapitishe Ocean Road, "kama ulivyokuwa unanipitisha mimi, baba, ile safari yetu ya kuhesabu meli". Nikakujibu kwa alama ya kidole gumba tu, ukaniuliza kama nimekasirika. Sikukasirika, mama. Nilimpa mama yako simu asome, akasoma, akavua miwani, akaniambia, "Mwambie basi. Mtu mzima yule, ana watoto wawili." Mambo yenyewe hayaandikiki kwa kidole kwenye kioo, ndiyo maana unaletewa bahasha kama enzi za babu yako.

Safari zile hazikuwa matembezi.

Ulikuwa darasa la pili, mwaka 2004. Mwezi wa nne mama yako alifanyiwa upasuaji wa titi (wewe uliambiwa kaenda Tanga kumuuguza shangazi) na mwezi wa tano akaanzishiwa mionzi pale hospitali ya Ocean Road. Siku 25, Jumatatu hadi Ijumaa, wiki tano. Mionzi wakati ule nchi nzima ilikuwa hapo tu. Mtu wa Kigoma, wa Songea, wa Bukoba, wote waliishia kwenye benchi moja na mama yako, na wengine hawakuwa hata na ndugu wa kulala kwake. Sisi tulikuwa na bahati ya kukaa Mwananyamala. Mionzi yenyewe ni dakika chache. Kinachomaliza siku ni kungoja zamu.

Mimi nilikuwa na ile Corolla ya tajiri, teksi bubu, sina kijiwe, nawinda abiria barabarani. Hesabu ya tajiri haijui kama nyumbani kuna mgonjwa. Kwa hiyo asubuhi namshusha mama yako, napiga kazi mpaka saa sita, nakufuata shule, tunarudi wote kumchukua. Sasa tukifika hajatoka, nikufanyeje? Nikuingize ndani? Mle ndani nilikuwa nimeona watoto wa umri wako, vichwa havina nywele hata moja. Nikasema hapana. Nikuweke garini saa nzima chini ya mti ungeniuliza maswali, na wewe kwa maswali nakujua. Basi nikawa nazunguka.

Njia unaikumbuka. Tunaanzia hospitali, bahari mkono wa kushoto, Ikulu mkono wa kulia, tunapinda na ufukwe mpaka Feri. Harufu ya samaki wa kukaanga inaingia dirishani, pantoni inapiga honi, watu wa Kigamboni wanamwagika kama mchele uliotoboka gunia. Tunashika Kivukoni hadi kanisa la Azania lenye vigae vyekundu, tunakata kulia kwenda kumsalimia Askari, ile sanamu ya mjini, kisha tunarudi kwa juu tunapita viwanja vya gofu vya Gymkhana na kuibukia baharini tena. Bila foleni ni kama robo saa. Kuna siku tulizunguka mara tano, na mafuta nilikuwa naweka ya elfu mbili elfu mbili.

Ndipo nikakupa kazi. Nilikununulia daftari dogo nikakwambia bandari imenituma nitafute mtoto mwenye macho makali wa kuhesabu meli zilizotia nanga nje zikisubiri kuingia. Ukaamini. Daftari hilo ninalo. Ukurasa wa kwanza umeandika "Jtatu meli 3", namba tatu imegeukia nyuma. Kuna siku "meli 0 mvua". Kuna siku "meli 5 na pantoni 2", nakumbuka uligoma kufuta niliposema pantoni haihesabiwi. Juzi nimehesabu mistari yako: ipo 23. Siku mbili zilizopungua ulikuwa na macho mekundu, ukabaki kwa jirani.

Uongo niliokudanganya ni mwingi, acha niurekebishe kabla hujaenda kuwarithisha watoto.

Lile jengo jeupe nilikwambia ni hoteli, mama yako kapata kibarua cha kufua mashuka. Ukaenda kumwambia mwalimu wako, na mwalimu alipokutana na mama yako sokoni akampa pole ya kazi ngumu! Hoteli halikuwa hata siku moja. Wajerumani walilifungua mwaka 1897 kama hospitali ya kutibu Wazungu, na miaka hiyohiyo Robert Koch, yule daktari aliyegundua vimelea vya kifua kikuu, alikuwa hapa Dar akichunguza malaria. Likawa taasisi ya saratani mwaka 1996. Mama yako asingeruhusiwa hata kupita ukumbini enzi za kwanza, labda kweli na mashuka mkononi.

Ikulu nilikwambia ilijengwa kwa usiku mmoja na majini. Kumbe ilijengwa mara mbili. Ya kwanza ilikuwa ya gavana wa Kijerumani, meli za Kiingereza zikaipiga mizinga kutoka hapohapo baharini mwaka 1914, na hii unayoiona Waingereza waliimaliza mwaka 1922. Aliyeichora, Sinclair, alikuwa amekaa Zanzibar, ndiyo maana ina matao yale ya Kiunguja. Tausi ni wa kweli. Ila si kweli kwamba wanalia kila gari la serikali linapopita.

Askari nilikwambia ni babu yake babu yako. Hapo nilidanganya nusu. Sanamu ile imesimama tangu mwaka 1927 kwa ajili ya wanajeshi na wapagazi wa Kiafrika wa vita vya kwanza vya dunia, na singe yake imeelekezwa bandarini. Kabla yake palisimama sanamu ya Wissmann, gavana wa Kijerumani, Waingereza wakaing'oa. Sasa babu yake baba yangu alichukuliwa kubeba mizigo katika vita hivyo, na Kariakoo unayokwenda kununua vitenge imepata jina kutokana na kikosi cha wabeba mizigo haohao. Hakurudi. Kwa hiyo yule pale anaweza kuwa yeye, nani atabisha?

Zile alama za wino kifuani kwa mama yako, ulizoziona siku khanga ilipomponyoka, nilikwambia kachorwa ramani ya kisiwa cha Mbudya ili asipotee. Ni alama za kuonyesha mashine ipige wapi, na alikatazwa asizifute kwa kuoga. Wiki tano anaoga vipandevipande, na wewe unamfuata nyuma na kikombe cha maji, unamwambia, "Usiloweshe kisiwa."

Na yule askari. Unamkumbuka, aliyekuwa anakupigia saluti karibu na Ikulu? Nilikwambia ni kwa sababu wewe ni mkuu wa kuhesabu meli. Ukweli ni kwamba wiki ya kwanza alitusimamisha. Gari moja, chakavu, linapita mbele ya Ikulu mara nne ndani ya saa moja, hata mimi ningelisimamisha. Akaniuliza, "Mzee, unazunguka unatafuta nini?" Nilikuwa na miaka thelathini na tano, aliniita mzee. Nikashuka, nikamvuta pembeni nyuma ya buti, nikamwambia yote, na nadhani alikuwa mtu wa kwanza kumwambia kwa mdomo wangu, maana hata kaka zangu walikuwa hawajui. Akanisikiliza. Akachungulia ndani ya gari, akakuona na daftari lako na penseli sikioni kama fundi seremala. Akanirudishia leseni. Kesho yake tulipopita akasimama wima, akapiga saluti, na wewe ukampungia mkono kama waziri. Alifanya hivyo kila tulipomkuta zamu. Sijui jina lake hadi leo.

Siku niliyofikicha macho pale Feri ukaniuliza nina nini, nikakwambia ni moshi wa wakaanga samaki. Moshi ulikuwepo, sikatai.

Lakini si yote yalikuwa uongo, na hapa ndipo nataka unielewe vizuri. Mama yako akitoka alikuwa hataki kurudi nyumbani moja kwa moja. Nyumbani kulikuwa na bibi yako, mashangazi, majirani, kila mtu na pole yake na mti shamba wake. Alikuwa anasema, "Niweke kwanza hapa." Tunavuka barabara, tunakaa chini ya mivinje, kusi linavuma mpaka miti inaimba. Namnunulia dafu. Maji yakiwa yamepwa unashuka kuwakimbiza kaa kwenye mawe, yakiwa yamejaa bamvua tunakuita urudi kabla mawimbi hayajakulowesha sare. Hatuongei. Alikuwa anaegemea bega langu mbele za watu, jambo ambalo mama yako hajapata kulifanya kabla wala baadaye. Nusu saa, halafu anasema "twende", na mimi nakimbilia abiria wa jioni kuitafuta hesabu ya mtu. Nimeendesha gari miaka thelathini na moja. Nusu saa hizo ndizo nikiulizwa kuhusu mji huu huwa nazifikiria.

Ijumaa, kwa kuwa kesho yake hakuna mionzi, tulikuwa tunarudi kwa daraja la Salenda, mikoko kule na bahari huku, tunaingia Oysterbay mpaka Coco Beach kula mihogo. Hiyo ndiyo siku unayoikumbuka wewe, najua, mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, na kachumbari uliyokuwa unamsukumia mama. Wiki ya nne hakuweza kumeza, akawa anakukatia wewe vipande anajifanya anakula. Na wewe ukala ya watu wawili, ukaumwa tumbo.

Mionzi ilipokwisha sikuipita barabara ile kwa miaka tisa. Nakwambia kweli. Abiria akitaka Feri nilikuwa nampitisha mjini katikati kwenye foleni, nalaumiwa, nakula hasara ya mafuta, lakini baharini siendi. Mama yako ndiye aliyekuwa anakwenda, kwa daladala, kliniki kila baada ya miezi, halafu kila mwaka, anarudi anasema bahari inanisalimu. Mwaka 2013 rais wa Marekani alipokuja, mwezi wa saba, barabara ikapewa jina lake. Watu kijiweni (nilikuwa na kijiwe tayari) wakabishana, wengine wakisema kwa nini jina la mgeni, wengine wakifurahi eti baba yake alikuwa Mjaluo wa hapo jirani. Mimi nilifurahi kuliko wote, kwa sababu zangu. "Barabara ya Barack Obama" niliweza kuitamka bila koo kukauka. Wiki ileile nikapeleka abiria Feri kwa njia ya baharini.

Siku hizi kuna daraja la Tanzanite, limefunguliwa mwaka 2022, zaidi ya kilomita moja juu ya maji, linakutoa karibu na hospitali ya Aga Khan na kukutupa upande wa Coco Beach kabla hujamaliza wimbo mmoja redioni. Usiku linawashwa taa za rangi, vijana wanapiga picha za harusi. Mama yako analipenda mno. Mimi bado nina wivu wa Salenda. Pale foleni ilikuwa inakulazimisha kutazama maji, huku unapita tu kama mshale. Tutakwenda kwa Tanzanite, turudi kwa Salenda, kila mtu apate chake.

Wale watoto usiwaambie haya sasa hivi. Au waambie, ni wako, mimi si wa kukufundisha kusema kweli. Yule mchumba wangu mdogo mwambie penseli aje nayo. Ikulu ya Magogoni msiipige picha, wanakataza, na mimi sina tena yule rafiki wa saluti.

Mama yako amesoma mpaka hapa. Anasema nimechapia mahali pamoja: miezi ile hakuwa analala kiti cha nyuma, kama nilivyokuwa nakwambia ili usimsumbue. Alikuwa amefumba macho tu. Wewe ulikuwa unageuka kumsomea daftari, "mama, leo nne, moja nyekundu", na yeye alikuwa anasikiliza zote. Ile nyekundu anaikumbuka, anasema ilikaa nje siku tatu.

Anasema pia nikuandikie kwamba Desemba nyuma atakaa mtu mwingine. Safari hii mbele anakaa yeye.

Baba yako