Waranti ya Dar haifiki Tabora

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wastaafu wenzangu wa mkoa wa Tabora, na mtu yeyote anayejiandaa kununua gari la mtumba kwa fedha aliyoihangaikia miaka mingi. Wiki iliyopita jirani yangu hapa Ng'ambo, mwalimu mwenzangu aliyestaafu mwaka huu, alinijia jioni na karatasi mkononi. Amepata gari aina ya Noah kwenye yadi moja Dar es Salaam. Muuzaji amemwambia akiongeza shilingi 1,200,000 atapewa waranti ya mwaka mzima, "injini na giaboksi, Mwalimu, wewe ulale usingizi." Alitaka nimwambie, alipe au asilipe. Nilimkaribisha ndani, nikafungua sanduku, nikamtolea karatasi zangu.

Mimi nilifundisha Jiografia kwa miaka 31. Nilipostaafu niliingia kwenye asali. Naifuata Sikonge na Ipole kwa warina asali, naileta mjini kwa ndoo za lita 20. Asali ni nzito kuliko maji, ndoo moja ina kilo 28 hivi, kwa hiyo ndoo kumi na tano tu ni mzigo wa kweli. Mwaka 2023 nilitoa sehemu ya mafao yangu nikanunua Noah ya mwaka 2004 kwa shilingi 15,500,000. Muuzaji nilimweleza wazi kazi ya gari ni kubeba asali. Akaniambia, "Mama, hilo gari ni la kazi hasa," kisha akanipa kitabu cha waranti ya nyongeza ya miezi kumi na miwili. Shilingi 1,100,000. Nililipa siku ile ile. Kitabu kilikuwa na kurasa tisa, zote za Kiingereza, kwa maandishi madogo, na mimi nilikuwa na haraka ya kuwahi basi la kurudi.

Mwezi wa saba tangu ninunue, tukitoka Ipole, dereva wangu aliona mshale wa joto umepanda. Akapunguza mwendo, ukapanda tena. Ndani ya gari kukaanza kunuka kitu kitamutamu, na nyuma moshi mweupe. Tukasimama. Gari lilikuwa limechemka, na pale tulipo ni msitu wa miombo kushoto na kulia, jua la Oktoba, ndoo kumi na nne za asali nyuma.

Nikapiga namba iliyo kwenye kitabu. Binti aliyepokea alikuwa na adabu, simlaumu yeye. Akasema, "Pole sana, Mama. Gari lisiguswe na fundi yeyote. Lileteni kwenye gereji yetu likaguliwe." Nikauliza gereji iko wapi. Mbili ziko Dar es Salaam, moja Arusha. Nikamuuliza, "Mwanangu, Sikonge unaijua?" Akanyamaza kidogo, akasema hajawahi kufika. Nikauliza nani analipa kulisafirisha gari. Akasema kuvuta gari hakumo kwenye mkataba.

Canter ikatuvuta kwa kamba hadi Tabora kwa shilingi 200,000. Gari likakaa siku sita chini ya mwembe kwa fundi, halijafunguliwa, mimi nikiandika barua pepe na kupiga simu. Wenye lori la kubebea magari walitaka shilingi 1,900,000 kulifikisha Dar. Siku ya saba nilimwambia fundi afungue, kwa sababu wenye asali yao walikuwa wananidai na msimu haunisubiri.

Fundi akaniita nione. Rejeta ilikuwa na ufa kwenye plastiki ya juu, mwembamba kama unywele. Maji yalikuwa yakitoka kidogo kidogo hapo kwa muda ambao hatukuujua. Gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya kifuniko cha juu cha injini na injini yenyewe, ilikuwa imeungua. Kisha akaifuta hedi kwa kitambaa, akaweka juu yake rula yake ya chuma, akaniambia nichuchumae nitazame usawa wa macho. Niliona mwanga ukipita chini ya rula, katikati. "Imepinda, Mama," akasema. Nimewafundisha watoto kusoma ramani miaka yote ile, sikuwahi kufikiri kwamba upenyo mdogo hivyo unaweza kusimamisha kazi ya mtu mzima.

Seti ya gasketi 180,000. Kusawazisha hedi kwenye mashine 150,000. Rejeta 280,000. Wota pampu 120,000, themostati 40,000, oili na kulanti na vidogovidogo 210,000, ufundi 300,000. Jumla shilingi 1,280,000, ukiacha ya kuvutwa.

Jibu la kampuni lilikuja baada ya wiki tatu. Dai limekataliwa kwa sababu gari limefunguliwa na fundi asiyeidhinishwa, kwa sababu uharibifu wa kuchemka haulipwi, kwa sababu rejeta ni kifaa cha kuchakaa, na kwa sababu gari limetumika kibiashara. Sababu nne kwa dai moja.

Hapo ndipo nilipokisoma kile kitabu kama nilivyopaswa kukisoma kabla, kwa kamusi na kalamu nyekundu. Kila walichosema kimo. Hawakubuni kitu. Na ukurasa wa saba nikakuta jambo ambalo hata barua yao haikulitaja: dai moja haliwezi kuzidi shilingi 700,000, na katika hizo mteja anachangia 150,000 za kwanza. Yaani kama ningekuwa ninaishi jirani na gereji yao, nisiwe na hata ndoo moja ya asali, na wakubali kila kitu, ningepata shilingi 550,000. Nusu ya niliyowalipa. Ili nirudishe fedha yangu tu, gari lingelazimika kuharibika vibaya mara mbili ndani ya mwaka mmoja na mara zote mbili wakubali.

Hili ndilo nataka msomaji aliangalie kwa makini kabla ya yote: kikomo cha malipo. Muuzaji anataja injini na giaboksi kwa sababu ndivyo vinavyotutisha. Kiasi wanacholipa injini ikifa hakitaji.

Jambo la pili ni neno kuchakaa. Magari mengi tunayonunua sisi wa kipato cha kati yana umri wa zaidi ya miaka kumi, na serikali yenyewe inalitambua hilo: TRA, mamlaka ya mapato, hutoza ushuru wa ziada wa uchakavu kwa gari kuukuu linapoingia nchini. Sasa gari limelipiwa uchakavu bandarini, mwenye waranti analijua umri wake, anachukua fedha kwa ajili ya umri huo huo, halafu karatasi yake inasema kilichochakaa hakilipwi. Kwenye gari la miaka kumi na tisa, nionyesheni kifaa ambacho hakijachakaa. Bushi, shokapu, boljointi, mipira ya maji, rejeta, mikanda, vyote walikuwa wameviondoa. Kilichobaki ni vyuma vya ndani ya injini na giaboksi, navyo mara nyingi hufa kwa kuchemka au kwa kukosa oili, na hayo mawili nayo yameondolewa.

Wapo wanaochanganya waranti hii na bima kubwa, kwa hiyo niseme. Bima kubwa hulipa ajali, wizi na moto. Injini iliyokufa yenyewe barabarani haimo. Na ukaguzi wa TBS, shirika la viwango, unaangalia kama gari linafaa na ni salama kuwa barabarani, haukuahidi kwamba halitaharibika mwezi ujao. Kwa hiyo pengo lipo kweli, na woga wa mtu anayenunua gari lake la kwanza akiwa na miaka sitini ni woga wa haki. Ndiyo maana inaniuma woga huo unapofanyiwa biashara.

Sitasema hakuna waranti iliyowahi kumfaa mtu. Mke wa mdogo wangu anaishi Tabata, Dar es Salaam. Gari lake lilikuwa la mwaka 2015, gereji iliyotajwa kwenye mkataba wake ni mwendo wa bodaboda kutoka nyumbani, sevisi zote alifanya pale pale, na giaboksi iliposumbua walimtengenezea bila maneno. Kwake ilikuwa na maana. Lakini tazameni alivyokuwa navyo: gari changa zaidi, safari za kwenda kazini na kurudi, na gereji anayoweza kuifikia kabla ya saa nne asubuhi. Mtu wa Urambo, Kaliua au Sikonge hana hata kimoja katika hivyo, na bado anauziwa karatasi ya aina hiyo kwa bei ya aina hiyo.

Mtoto wa dada yangu anaishi Marekani, nilipomweleza aliniambia kule biashara hii ni kubwa sana na malalamiko ni hayo hayo. Mwaka 2024 kampuni moja kubwa ya huko, CarShield, ilikubali kulipa dola milioni 10 kumaliza shauri la tume ya serikali inayolinda wateja. Tume ilidai matangazo ya kampuni hiyo yaliwafanya watu waamini matengenezo yatalipwa yote na kwamba wangeweza kupeleka gari kwa fundi wanayemtaka, na haikuwa hivyo. Tena tangu mwaka 1985 muuzaji wa magari yaliyotumika kule analazimika kubandika karatasi kwenye kioo cha gari ikisema kama linauzwa na waranti au bila waranti, na kama ipo inalipa nini. Mnunuzi anaisoma akiwa amesimama nje ya gari, kabla hajatoa hata senti.

Sisi tunayo Tume ya Ushindani, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Tunayo TIRA kwa mambo ya bima. Naziomba taasisi hizi mbili zikae pamoja, ziamue nani anasimamia waranti za nyongeza za magari, kisha zilazimishe ukurasa mmoja wa mbele kwa Kiswahili. Ukurasa huo useme gereji zilizoidhinishwa ziko mikoa gani, dai moja linalipwa hadi shilingi ngapi, mteja anachangia ngapi, na nani analipa kulivuta gari. Kampuni isiyo na fundi hata mmoja ndani ya mkoa wa mnunuzi iruhusu fundi yeyote mwenye gereji iliyosajiliwa afungue gari na apige picha kila hatua. Simu zetu zote zina kamera siku hizi. Ile picha ya rula juu ya hedi ningewatumia siku ile ile.

Tangu hapo mimi natenga shilingi 60,000 kila mwezi kwenye akaunti ya gari peke yake. Haiguswi kwa ada wala kwa msiba. Mwaka jana nilibadilisha shokapu za mbele na mikanda yote kutoka humo, sikumpigia mtu simu, sikuandika barua kwa mtu, na fedha nyingine bado ipo. Noah yangu inatembea mpaka leo kwa injini ile ile aliyoifungua fundi chini ya mwembe.

Narudi kwa jirani yangu. Tulipomaliza kusoma karatasi zangu, alifungua zake. Kampuni ni nyingine, lakini maneno karibu yote ni yale yale, na kikomo cha dai ni shilingi 800,000. Akampigia simu muuzaji, akaweka spika ili nami nisikie. Akamuuliza swali moja tu: gari likiharibika hapa Tabora, nalipeleka gereji gani? Kijana akasema, "Mwalimu, ngoja niulize ofisini nikurudie." Tukangoja. Tukanywa chai, tukamaliza. Hakupiga usiku ule wala kesho yake.

Asubuhi ya pili tulikaa tukaipanga upya ile 1,200,000. Sehemu ndogo ni nauli na malazi ya fundi kwenda naye Dar, alikague gari lingali la mwenye yadi: aliwashe likiwa limepoa kabisa, alipime kwa kompyuta, aliendeshe barabarani kwa nusu saa huku macho yakiwa kwenye mshale wa joto, adai karatasi ya mnada kutoka Japani alinganishe kilomita na daraja la gari. Sehemu nyingine ni rejeta mpya, mipira ya maji na mikanda, vifungwe kabla gari halijaanza safari ya kuja huku. Zaidi ya nusu inabaki benki kwa jina lake.

Wameondoka Jumanne kwa basi la alfajiri. Fundi alikuwa na mfuko wake wa spana begani, na ile rula ya chuma ameizungushia kitambaa.

Mwalimu mstaafu na mfanyabiashara wa asali,
Ng'ambo, Tabora