Hofu yangu ni kwa pistoni yako

Swahiba wangu,

Salamu sana. Mimi mzima wa afya. Hofu na mashaka safari hii si juu yako, ni juu ya pistoni yako. Umeniandikia kwamba pikipiki "ilikuwa inaita vizuri kuliko siku zote," halafu ikanoki, yaani pistoni ikaganda ndani ya silinda, katikati ya mbio za ufukweni. Kesi yote iko hapo. Injini ya mipigo miwili huimba vizuri pale petroli inapopungua na hewa kuzidi. Inakuwa nyepesi, inajibu upesi, unajisifu kwamba leo umeipata, kumbe inakuaga.

Tena ukasema uliongeza oili ili kuilinda. Ndugu yangu! Jeti ya kabureta ni tundu tu la kupitisha petroli iliyochanganywa na oili, halijui linapitisha nini. Ukitoka sehemu 32 za petroli kwa 1 ya oili ukaenda 20 kwa 1, oili imekula nafasi ya petroli ndani ya tundu lilelile. Petroli inayofika kuungua imepungua, joto limepanda. Ukitaka oili zaidi, sawa, lakini jeti nayo ipande, iwe ya tundu kubwa zaidi.

Na mchanga si barabara. Barabarani unavuta mafuta yote kwa sekunde chache, kisha unaachia. Ufukweni mchanga unashika gurudumu, mkono wa mafuta umefunguka mpaka mwisho, na injini inasukuma mzigo bila kupumua. Usisahau kwamba hewa ya usawa wa bahari ni nzito, hasa asubuhi kukiwa na baridi, kwa hiyo inadai petroli zaidi. Jeti uliyoipima kule juu milimani haikufai huku.

Kabla hujagusa jeti yoyote, tafuta hewa ya wizi, ile inayopenya pasipotakiwa. Achia mafuta ghafla usikilize: mzunguko wa injini ukining'inia juu kabla ya kushuka, kuna mahali inavuta hewa. Angalia mpira wa kabureta na sili za krenki, na pima slaidi, kile kizibo cha kabureta kinachopanda ukivuta mafuta, kama inacheza ndani ya nyumba yake, maana kabureta za zamani huchakaa hapo. Ukiruka hatua hii utabadilisha jeti mpaka uzeeke.

Jeti kuu inatawala kuanzia robo tatu ya mkono wa mafuta hadi mwisho. Anza na kubwa kupita kiasi, mpaka injini ikorome na kukohoa ukivuta yote. Shuka namba moja moja. Itakapoacha kukohoa, simama, kisha kwa ajili ya mchanga rudi juu namba moja. Utapoteza kasi kidogo, najua, na najua utanung'unika. Katikati ni kazi ya sindano inayoning'inia chini ya slaidi: ukishusha klipu yake mfuo mmoja, sindano inapanda na petroli inaongezeka. Skrubu ya hewa ya sailensa, yaani ya injini inaponguruma bila kuvutwa mafuta, iache mwisho. Na namba ya jeti usiiazime kwa mtu mwenye kabureta nyingine. Kwenye kabureta za Dell'Orto, 110 ni tundu la milimita 1.10, kwenye Amal namba inaeleza mililita zinazopita kwa dakika. Ni lugha mbili tofauti.

Mimi nililipa ada yangu mapema. Nilikuwa nimevuta yote ufuko mzima, nikafika kwenye kona nikafunga mafuta mara moja, nikiacha gia ifanye kazi ya breki. Magurudumu yanazungusha injini kwa kasi ileile, lakini slaidi imefungwa, kwa hiyo petroli na oili zinazopita ni kidogo mno. Nikasikia kama mlio wa kukwaruza ubao kwa kucha, gurudumu la nyuma likasimama, nami nikaendelea peke yangu. Baadaye nilitoa pistoni ikiwa na mistari ya kung'aa upande wa eksozo, imekwaruzwa kama kisu kilichonolewa kwenye jiwe baya. Siku hizi nikikaribia kona nabana klachi na kuvuta mafuta kidogo kidogo ili pistoni na silinda zipate kulowa oili.

Jeti zako zisafishe kwa petroli na kuzipuliza; usichokonoe kwa waya wa chuma, utapanua tundu na namba itakuwa uongo. Kila jeti ishike mbele ya mwanga: tundu liwe duara safi. Na ule unga mweupe ndani ya bakuli la kabureta ni kutu ya metali yake, kwa hiyo mwaga petroli yote baada ya kila mbio.

Ukishaunda silinda, weka plagi mpya, ivute yote kwenye gia ya mwisho, kisha zima injini na kubana klachi kwa pamoja. Usirudi kwa mwendo wa polepole, sukuma. Fungua plagi hapohapo. Nataka rangi ya chai ya maziwa ndani kabisa kwenye kauri. Ikiwa nyeupe, usiwashe tena injini. Plagi usiifute wala kuipuliza. Ifunge kwenye kitambaa uje nayo.

Wako akupendaye,
fundi wako wa bure