Barua ya Malalamiko: Nyaya za Darubini na Namna Nilivyotendewa Kwenye Kaunta Yenu

Malindi,
14 Januari 2026

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

KUH: SOKETI YA KAMERA ILIYONG'OLEWA NA KEBO ALIYOIFUNGA FUNDI WENU

Ninaandika kwa adabu niliyolelewa nayo, ingawa kwa yale niliyofanyiwa kwenye kaunta yenu ya Mombasa tarehe 29 Desemba, adabu hiyo leo najilazimisha kuishika. Fundi wenu, yuleyule aliyekuja Malindi kunifungia nyaya, aliichukua kamera yangu iliyong'oka soketi, akaiinua juu mbele ya wateja waliokuwa kwenye foleni, akasema: "Mama huyu amevuta waya mwenyewe, sasa anataka kampuni imlipe." Nilikuwa nimesimama pale pale, risiti mkononi. Masharti ya dhamana yenu mnayajua kuliko mimi, kwa hiyo sitayanukuu.

Usiku wa tarehe 19 Desemba, usiku usio na mwezi, nilikuwa Marafa na wapwa zangu wawili, mbali na taa za mji, tukipiga picha za Kilimia, lile kundi dogo la nyota. Ilipofika kama saa nne na robo, Kilimia kikiwa kimefika juu kabisa upande wa kaskazini na kuanza kuelekea magharibi, stendi yenye mota ilifanya kile ambacho stendi nyingi za aina hiyo hufanya nyota ikishavuka mstari wa kati wa anga: ilisita, kisha ikaanza kuipindua darubini kutoka upande mmoja hadi wa pili. Nikasikia mlio mdogo, kama wa njugu kubanjwa. Nilipomulika kwa tochi nyekundu, niliona kebo ya USB imekazika kama mshipi ulionasa samaki changu, soketi ya kamera ikining'inia upande mmoja, na mota ikiendelea kuvuta. Nilikata umeme, lakini nilikuwa nimechelewa.

Chanzo kinaonekana kwa macho. Fundi wenu aliifunga kebo hiyo kwenye mguu wa stendi kwa kifungo cha plastiki, akaikaza, bila kuacha kitanzi cha kuiruhusu darubini igeuke. Siku aliyoifunga, tarehe 6 Desemba, nilimwomba mwenyewe aache ulegevu, tena tuizungushe darubini kwa mkono hadi mwisho wa kila upande kabla hajaondoka, kazi isiyozidi dakika 10. Alinijibu kwamba nyaya zinazoning'inia hazipendezi.

Nilichowalipia shilingi 18,500 hakikuwa kupendeza. Darubini yangu ina nyaya tano: wa volti 12 unaopoza kamera, kebo ya kamera yenyewe, kebo ya kamera ndogo ya kuongozea stendi, waya wa mkanda unaopasha lenzi joto ili umande usitue, umande ambao kwetu pwani hauna huruma, na waya wa mota. Pikseli moja ya kamera hubeba sekunde za tao 1.55 za anga (sekunde moja ya tao ni sehemu moja ya 3,600 ya digrii), na stendi hulazimika kuifuata anga kwa sekunde za tao 15 kila sekunde moja. Kwa hiyo katika picha ya dakika 3, waya mmoja unaokwama kwenye mguu wa stendi watosha kuzifanya nyota zote ziwe na umbo la yai. Ndiyo maana nyaya hukusanywa kuwa fungu moja, fungu hilo likashikizwa karibu na pale mihimili miwili inapokutana, ambapo mzunguko hulivuta kwa kiasi kidogo kabisa, kisha kitanzi kikaachwa. Tena niliwaandikia mapema, tarehe 10 Desemba, kwamba nyota zangu zimeanza kurefuka upande mmoja. Nilijibiwa kwamba ujumbe wangu umepokelewa, na hadi leo sijapata neno jingine.

Naomba nirudi kwenye kaunta, kwa sababu sijaeleza yote. Kabla ya fundi kuiinua kamera, nilimnyooshea simu nimwonyeshe picha: kifungo chake cheusi, mkia wake haujakatwa, kimeibana kebo kwenye mguu wa stendi. Alinisukuma mkono bila kuitazama. Kisha ndipo akainua kamera juu, akawageukia watu na kusema, "Mama huyu amevuta waya mwenyewe," akacheka, na kijana anayeandika risiti akacheka naye. Nimefundisha fizikia kwa miaka 31. Nimewaeleza watoto wa Malindi, mwaka baada ya mwaka, kwamba ni kutoka jukwaa la San Marco, baharini hapo Ngomeni, ambako tarehe 12 Desemba 1970 kilirushwa Uhuru, chombo cha kwanza kilichoundwa mahsusi kuchunguza miali ya eksirei kutoka angani. Sikutarajia kwamba mwanamke wa mji huohuo akileta darubini dukani kwenu atafanywa kichekesho, kana kwamba hajui waya hufungwaje.

Nilipoanza barua hii nilikusudia kuomba jambo moja tu, soketi itengenezwe. Sasa nadai soketi itengenezwe kwa gharama yenu, nirudishiwe shilingi 18,500 zote, na fundi huyo aniandikie barua ya kuniomba radhi, aitie sahihi kwa mkono wake, nayo ibandikwe kwenye kaunta ileile aliponiaibishia. Nilifikiria kuwapa siku 14, lakini tangu tarehe 29 Desemba nimekwisha kuwapa zaidi ya hizo. Nawapa siku 7. Zikipita, nitaipeleka risiti, picha na kifungo chenyewe, ambacho nimekihifadhi kwenye bahasha, katika Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000 na ambako naweza kujiwakilisha bila wakili, kwa mujibu wa haki ninazopewa na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012. Wapwa zangu wako tayari kutoa ushahidi.

Fundi yule asikanyage tena kwangu. Mtakayemtuma kuzifunga nyaya upya aje mchana, na hataondoka kabla hatujaizungusha darubini kwa mkono hadi mwisho wa kila upande, mbele ya macho yangu.

Wenu,
Mwalimu mstaafu wa fizikia, Malindi